Goziba: Safari ya Kutafuta Jina la Baba

Mama msomaji, ukifika Muleba na kuuliza njia ya Goziba, kwanza utaulizwa una ndugu huko au unafuata dagaa. Kisiwa hiki ni cha Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, lakini kiko mbali sana ndani ya Ziwa Viktoria. Hakuna anayepita Goziba akielekea kwingine, na anayekwenda huko ana sababu. Sisi tulikuwa watatu na sababu yetu ilikuwa moja, nayo ni harusi iliyokuwa imesimama.

Binti wa marehemu dada yangu alizaliwa Goziba mwezi wa Desemba 1996. Mama yake alifariki mwaka 2003, na mimi mama mdogo nikamlea pamoja na wanangu mjini Bukoba. Tangu utoto aliambiwa kwamba baba yake alizama na MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo, na watu mamia wakafa. Orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo. Wengi waliopatikana hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja Igoma, Mwanza. Hivyo ukimwambia mtoto kwamba baba yake alikuwa mle, hakuna karatasi ya kukukatalia. Mama yetu ndiye aliyeanza kusema hivyo, na alisema ili mjukuu wake asichekwe shuleni. Sikumlaumu wakati ule, na hata sasa simlaumu.

Mwaka 2023 kijana mmoja wa Muleba alikuja kuchumbia. Ni kijana mwenye adabu na kazi yake, na wote wawili wanasali. Mambo yalikwenda vizuri hadi wazee wa pande mbili walipokaa pamoja na kuulizana koo. Kwetu Buhaya ukoo na mzio wake huulizwa kabla ya mahari, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mzee mmoja wa upande wa mvulana akainua mkono akasema, "Huyu binti ni wa kwetu. Hawezi kuolewa kwetu."

BISISI

Alichosema kinahitaji maelezo, hasa kwa akina mama wa mikoa mingine na kwa mabinti wetu waliokulia mjini. Dada yangu aliolewa kimila mwaka 1989 katika ukoo ule ule wa huyo mchumba, ingawa si nyumba moja. Mahari ililipwa lakini kanisani hawakufika. Alizaa mtoto wa kiume mwaka 1992. Ndoa ikawa ngumu, na mwaka 1994 akaondoka kwenda Goziba kuwapikia wavuvi. Huko ndiko alikompata huyu binti, miaka miwili na zaidi baada ya kuachana na mumewe.

Sasa Wahaya wa zamani walikuwa na desturi iitwayo bisisi. Kwa desturi hiyo, mwanamume wa kwanza kukutana na mwanamke baada ya mwanamke huyo kujifungua alikuwa na haki ya kudai mtoto atakayefuata, hata kama mimba ilikuwa ya mtu mwingine. Si hadithi ya mtaani. Hans Cory na M. M. Hartnoll waliiandika katika kitabu chao cha sheria za mila za Wahaya cha mwaka 1945, na watafiti wengine waliokuja Bukoba baada yao waliikuta. Kwa hesabu ya mzee yule, mume ndiye aliyekutana na dada yangu baada ya mtoto wa 1992, kwa hiyo mtoto aliyefuata ni wa ukoo wake, awe amezaliwa Goziba au Ulaya.

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua desturi hii iliwekwa kwa jambo zito. Mtoto asiye na ukoo hakuwa na kibanja, na asiye na kibanja hakuwa na mahali pa kuzikwa. Bisisi ilihakikisha kwamba kila mtoto ana mtu wa kumdai. Ubaya wake ni kwamba haikumuuliza mama, wala haikujali damu. Na mambo ya ukoo na ardhi kwetu si ya utani. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alihukumu shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alikuwa amempinga kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Jaji alisema mwanamke ana haki sawa na mwanamume wa ukoo wake. Lakini ili upate haki hiyo, lazima kwanza ijulikane wewe ni wa ukoo gani.

Sheria ya serikali inatazama kwingine. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa wa mume, isipokuwa ikithibitishwa kwamba mume na mke hawakupata nafasi ya kukutana wakati mimba ilipotungwa. Padre naye alisema Kanisa linazuia ndoa za damu ya karibu, na kwamba desturi ya bisisi peke yake si kizuizi kwake. Kwa hiyo padre angefungisha ndoa. Wazee ndio waliosema, "Leteni baba wa damu, nasi tutanyamaza." Mama msomaji, mimi sikutaka mtoto wangu aingie katika nyumba ambamo kila mimba itakayoharibika itasemwa kwamba ni laana ya kuolewa na kaka yake. Tukafunga mizigo.

KITABU CHA UBATIZO

Kabla ya kuvuka ziwa tulianzia parokiani, nchi kavu. Mkoa wetu una bahati katika jambo hili. Wamisionari wa Afrika, tuliowazoea kwa jina la Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na popote walipokwenda walibeba vitabu. Kila aliyebatizwa aliandikwa jina lake, la baba, la mama, la msimamizi na la aliyembatiza, zamani kwa Kilatini. Baadaye pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi nao wana vitabu vyao, kwani wamisionari wao wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Usajili wa serikali kwa miaka mingi haukuwa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo kwa wazee wengi wa Kagera kitabu cha kanisa ndicho cheti pekee cha kuzaliwa walichowahi kuwa nacho.

Paroko alifungua kitabu cha 1997 mwenyewe. Hakumpa mtu yeyote akipekue, na alifanya vizuri, maana mle mna siri za nyumba za watu. Akaweka kidole. Jina la binti lilikuwapo, na la mama yake. Mstari wa baba ulikuwa mtupu.

Binti alikaa kimya. Paroko akaeleza kwa upole kwamba mstari ule haukuachwa kwa dharau. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema mama asipokuwa ameolewa, jina la baba huandikwa tu kama kuna hati ya serikali inayomthibitisha, au baba mwenyewe akitamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Bila hayo, nafasi huachwa. Kisha akasogeza kidole mbele kidogo, kwenye jina ambalo sisi hatukulitazama kabisa kwa sababu macho yalikuwa kwenye ule mstari mtupu. Lilikuwa jina la msimamizi wa ubatizo, mwanamke, na mbele yake neno moja: Goziba.

Kama nina la kukushauri katika habari hii yote, ni hilo. Anayetafuta baba hutafuta jina la baba. Lakini mtu aliyesimama na mama yako siku ya ubatizo, aliyemshika mkono akiwa peke yake, huyo anajua.

ZIWANI

Tulisafiri mwishoni mwa Agosti, na wakati huo tulichaguliwa na mvuvi mmoja. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina nguvu, na watu hupumzika, hushona nyavu na kupiga hesabu. Ukitaka kumkuta mvuvi ameketi, nenda wakati wa mbalamwezi. Ubaya ni kwamba Agosti ni mwezi wa upepo wa kusini. Tulivaa maboya, tukaandikwa majina kwenye daftari la boti, nami nikahakikisha kwa macho yangu kwamba yameandikwa sawasawa. Binti yangu aliniuliza kwa nini nakazana. Nikamwambia, "Kwa sababu ya Igoma."

Nchi kavu inapopotea kuna saa ambapo huoni kitu. Wanawake wawili wafanyabiashara ya dagaa walikuwa wamelala juu ya magunia kama wako nyumbani. Mimi nilishika rozari kwa mkono mmoja na ubao wa boti kwa mwingine.

Goziba huanza kuonekana kama jiwe. Ukisogea unaona kwamba jiwe limejaa mabati. Nyumba zimesongamana karibu na maji, za mabati na mabanzi, mlango kwa mlango. Dagaa wameanikwa kila mahali panapopata jua, nawe unachagua pa kukanyaga. Harufu ile, baada ya siku moja, huisikii tena. Unasikia Kihaya, Kijaluo, Kisukuma, Kijita, Kikerewe, Kiha, na Kiswahili kinachowafungamanisha wote. Watu huja kwa msimu, hukaa miaka kumi, huondoka kwa usiku mmoja. Ndiyo maana vitabu vya wakazi huko ni kazi ngumu. Ukurasa mmoja tuliooneshwa ofisini ulikuwa na majina yaliyokatwa kuliko yaliyobaki.

Sitaficha kwamba maisha ya akina mama kule ni magumu. Mwanamke anayeuza chakula au kununua samaki anategemea ridhaa ya mwenye mtumbwi, na wapo wanaotaka malipo yasiyo ya fedha. Mkoa wetu ndio uliogundulika na wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na visiwa havikupona. Lakini niliona pia wanawake wenye mitumbwi yao, wanaolipa vibarua wanaume, na wakihesabu fedha mkono hautetemeki.

Msimamizi wa ubatizo tulimpata siku ya pili. Sasa ni bibi, anauza chai na mihogo. Tulimwamkia, binti akapiga magoti. Bibi alimtazama muda mrefu, halafu akamwita kwa jina ambalo hakuna aliyewahi kumwita. "Hilo ndilo jina alilopewa na baba yako," alisema. "Mama yako hakulitaka."

Tulikula kwanza. Kisha alitoa kutoka chini ya kitanda daftari la shule, limepinda na kuliwa na mende pembeni. Nilitambua mwandiko wa dada yangu kabla sijaligusa. Lilikuwa daftari la madeni ya mgahawa: majina ya wavuvi, chakula walichokula, waliolipa, ambao hawajalipa. Dada alipoondoka kisiwani alimwachia bibi amkusanyie madeni, na bibi hakuwahi kulitupa kwa sababu wengine hawajalipa hadi leo.

Tulilisoma chini ya dirisha. Kuna jina moja la Mkerewe ambalo kuanzia mwaka 1995 lipo karibu kila ukurasa, ugali na samaki, chai, ugali. Mwezi wa Februari 1996 linatoweka. "Hakuondoka," bibi alisema. "Aliacha kuandikwa." Wanawake wote chumbani walielewa. Halafu jina linarudi mara moja tu, mwezi wa Juni 1996, na safari hii si deni: amenipa 5,000 ya nguo za mtoto.

Meli ilizama Mei. Mtu huyu mwezi wa Juni alikuwa hai, Goziba, akinunua nguo za mtoto. Binti aliomba tarehe isomwe tena. Ikasomwa. Akatoka nje akaenda kusimama kwenye maji, nasi tukamwacha.

Bibi alitueleza mengine. Mwanamume yule aliitwa kwao Ukerewe kwa msiba wa baba yake, akachelewa kurudi. Aliporudi mwaka 1998 dada yangu alikuwa ameshahamia Bukoba mjini na mtoto, na hakuacha anwani. Je, kulikuwa na ugomvi? Bibi alisema hayo ni ya marehemu.

MATE NA DAMU

Mdogo wake mwanamume huyo bado anavua Goziba. Alikuja jioni na wenzake wawili, kwa adabu lakini kwa tahadhari, maana watu wanaotoka mjini wakitafuta baba mara nyingi wanatafuta mali. Tulimwambia hatutaki kitu. Akatuambia kaka yake alifariki mwaka 2011. Mama yao mzazi yu hai, yuko Ukerewe.

Hapa nieleze jambo la vipimo, kwa kuwa akina mama wengi huniuliza. Kipimo cha vinasaba kwa mambo ya kisheria hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Kuna sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Huendi mwenyewe kama dukani, bali maombi hupitia mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto, nayo ya 2009, inamruhusu mtoto, mzazi, mlezi au ofisa ustawi kuomba mahakama itamke mzazi ni nani, na aliyekwisha kupita miaka 18 akipata kibali maalumu. Mahakama hutazama jina lililo katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kukiri kwake hadharani, na kipimo. Tamari wa kitabu cha Mwanzo aliweka muhuri, kamba na fimbo ya Yuda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba siku ya kuulizwa awe na la kuonesha.

Baba akiwa hai, kipimo ni rahisi. Akiwa amekufa, hupimwa ndugu zake, na hapo kuna tofauti. Baba mdogo angetosha zaidi kama mtoto angekuwa wa kiume, kwa sababu kromosomu ya Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana bila kubadilika sana. Binti hana Y. Lakini binti hupokea X moja kutoka kwa baba, na baba aliipata kwa mama yake. Hivyo kwa binti asiye na baba, bibi mzaa baba ni shahidi mkubwa kuliko baba mdogo. Mwanasheria alipotueleza hayo Bukoba nilishangaa. Desturi zetu zote zinafuata wanaume, na hapa ushahidi ulikuwa kwa kikongwe.

Baba mdogo alimpigia simu papo hapo, akiwa amesimama juu ya jiwe lenye mtandao. Kikerewe na Kihaya ni lugha za karibu, kwa hiyo nilisikia karibu yote. Bibi hakuuliza kipimo. Aliuliza mama wa mtoto amezikwa wapi, na nani alimlea. Kisha akasema aletwe.

Tulifika Nansio Oktoba ile ile, tukiwa na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa majani ya mgomba, na senene wachache wa mwaka uliopita. Yaliyotokea nyumbani kwa bibi yule sitayaandika yote. Nitasema tu kwamba alimshika binti mikono, akaigeuza viganja juu, kisha akamwita jirani aje aone vidole. Baadaye alikubali kuvuka hadi Mwanza kutoa mate yake, akilalamika njia nzima kwamba serikali inataka kumfundisha kumjua mjukuu wake.

Majibu yalitoka, yakakubaliana na vidole. Wazee wa Muleba waliyasoma, yule wa bisisi akayasoma mara mbili, akarudisha miwani mfukoni. Aliuliza mzio wa Wakerewe wale ni upi, akajibiwa, akasema si wetu. Ndoa ilifungwa Julai 2024.

Paroko aliandika ndoa ile pembeni ya ukurasa wa 1997, kama inavyotakiwa. Mstari wa baba bado ni mtupu. Baba hayupo kutamka mbele ya mashahidi, na cheti kipya cha kuzaliwa hatujakipata. Tumepeleka nakala za majibu ya maabara katika ofisi ya askofu, na tumeambiwa tusubiri barua.